Mbizi ya Watu Wawili

Vijana wangu wa Nyamache, Sabato ile mliponiuliza baada ya ibada ni mahali gani baharini palipo pazuri kuliko pote, niliwajibu kwa neno moja, Kisite, kisha nikaondoka nikidai kwamba nina chai ya kuchuma. Mlicheka, maana hata mtoto mdogo anajua kwamba kwangu chai haichumwi Sabato. Uongo wangu ulikuwa mbaya. Lakini swali lenu lilinikuta vibaya pia. Jibu lake lina mtu aliyepoteza miguu, tena lina shimo la Tabaka ambalo baadhi yenu mlisimama ukingoni mwake mkanitukana. Sasa nimekaa, nawaandikia.

Jina langu Kemunto. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa mpiga mbizi huko pwani. Kazi yangu ilikuwa kuwashusha wageni chini ya bahari, mitungi ya hewa mgongoni, tutazame samaki na matumbawe, kisha kuwarudisha juu wakiwa wazima. Hilo neno la mwisho ndilo kazi yenyewe. Kutazama samaki kila mtu anaweza.

Nilikwenda Diani nikiwa na miaka ishirini na miwili, kufua mashuka katika hoteli. Kuogelea sikujua. Sisi tulizaliwa huku juu, maji ya kututisha yalikuwa mto Gucha ukifurika, na mama alitulea kwa sheria moja: mto unavukwa darajani. Basi pale dobini niliteremshiwa pia mavazi mazito ya mpira ya wapiga mbizi, yananuka chumvi na mkojo. Ndiyo, mkojo. Kule chini baridi ikikushika hakuna choo. Aliyeyaleta kila jioni alikuwa mzee wa Wasini aitwaye Athumani, mkuu wa wapiga mbizi wa pale, mtu mfupi mwenye kifua kipana na sauti ya chini.

"Unayatazama mavazi haya kama mtu anayetaka kuyavaa," akaniambia siku moja.

"Mimi maji hii ya chumvi naiogopa, mzee."

"Maji haya, mwanangu. Maji haya nayaogopa. Ukiyakosea heshima hapa juu, utayakosea na huko chini."

Hivyo ndivyo nilivyoanza shule yake. Aliniombea ruhusa ya kuingia bwawa la hoteli alfajiri kabla wageni hawajaamka, na kwa miezi mitatu nikanywa maji ya bwawa lile mpaka nikajua kuelea. Siku ya kwanza aliponipeleka baharini, ndani ya mwamba ambako maji hayazidi kimo cha mtu, miwani yangu iliingia maji nikapiga kelele, "Baba! Baba!"

"Naam, niko hapa," akasema Athumani, akanishika mkono.

Baadaye nilimweleza kwamba kwetu Kisii "baba" ni mama. Alicheka mpaka akakaa mchangani. "Basi leo nimezaa," akasema. Na tangu siku hiyo hakuniita tena jina, aliniita mwanangu tu.

Niliyokosea mwanzoni hayahesabiki. Kidole gumba, kwa mfano. Huku kwetu ukinyoosha gumba juu unasema mambo mazuri. Chini ya maji gumba juu ni kusema "twende juu", na ukitaka kusema uko salama unafanya duara kwa kidole gumba na cha shahada. Nilifundishwa, nikasahau kwa furaha. Nikaona samaki wa manjano, nikamwonyesha Athumani gumba, akanipandisha. Tukashuka tena, nikaona wengine, gumba tena, akanipandisha tena. Mara ya nne, tulipotokeza juu, akatoa kifaa cha kupumulia mdomoni akasema, "Mwanangu, kama bahari hukuipenda sema tu, nikurudishe kwenye mashuka."

Alinifundisha kupumua kama mtu anayepuliza chai ya moto asiye na haraka ya kuinywa. Alinifundisha kuziba pua na kupuliza taratibu kila ninaposhuka kimo cha mtu, masikio yafunguke kabla hayajauma, kwa sababu yakishauma umechelewa. Alinifundisha nisiguse matumbawe, hata kwa ncha ya kidole. Lakini sheria aliyoirudia kila asubuhi, tukiwa tunafunga viunoni mishipi ya risasi, ule uzito wa kutuzamisha, ilikuwa moja: hatushuki mmoja, hatupandi mmoja.

"Si kwa ajili ya papa," alisema. "Papa ana shughuli zake. Ni kwamba kule chini akili ya mtu huondoka bila kuaga. Utajiona mzima, kumbe umeshalewa maji. Mwenzako ndiye akili yako, na wewe ni akili yake."

Nilimwitikia kila asubuhi kwa miaka saba.

Kusini ya Kisite kuna mahali mwamba unakatika ghafla na kushuka kama ukuta, na mbele yake hakuna kitu ila buluu inayokwenda mpaka Pemba. Siku hiyo tulikuwa na wageni sita. Athumani alitangulia, mimi nilikuwa wa nyuma, kazi yangu kuhakikisha hakuna anayebaki. Tulikuwa tumeanza kupanda. Nikatazama chini, sijui kwa nini, nikamwona papa shilingi anapita.

Huyu ni samaki mkubwa kuliko wote, hana ubaya na mtu, na mgongo wake umejaa madoa meupe. Watu wa pwani husema ni shilingi alizotupiwa na Mungu. Kila mpiga mbizi wa pale alikuwa amemwona isipokuwa mimi. Wenzangu walinitania, wakisema samaki huyo hapendi watu wa milimani. Nikajiambia: nusu dakika tu. Nikageuza kichwa chini, nikashuka peke yangu.

Nilimfuata mpaka nikawa sambamba na jicho lake. Jicho dogo kwa mwili mkubwa namna ile, kama shanga kwenye ukuta wa nyumba. Alikuwa anakwenda polepole, mdomo wazi, na samaki wadogo wamemzunguka kama watoto wanaomfuata bibi harusi. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Kisha akapiga mkia mara moja, akazama, nami nikageuka nirudi kwa wenzangu, nikaona buluu tupu. Ukuta haupo. Mkondo ulikuwa umenichukua nje.

Nilipanda vizuri, kama nilivyofundishwa, nikasimama pale pa kusimama ili damu itulie. Nilipotokeza juu boti ilikuwa mbali sana, mawimbi yananificha. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilielea kwa saa tatu, hadi wavuvi wa Mkwiro waliponiokota.

Niliyofanyiwa na Athumani katika saa hizo niliambiwa baadaye. Aliwapandisha wageni, akahesabu, akakuta mimi sipo. Akafunga mtungi mpya, akashuka kunitafuta. Akapanda, hakupumzika, akafunga mwingine, akashuka tena, safari hii chini kabisa ya ukuta, mahali alipodhani nimezama. Alikaa mpaka hewa ikaisha, akapanda haraka kwa sababu hakuwa na hewa ya kupandia polepole.

Sikilizeni, vijana, hili mlijue. Ukikaa chini sana, hewa unayovuta huingia kwenye damu na kutulia humo. Ukipanda polepole inatoka kwa amani. Ukipanda haraka inageuka mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo hukaa yanapotaka.

Wavuvi waliponifikisha kwenye boti yetu, Athumani alikuwa ameketi, ameegemea ubavu wa boti. Akaniona. Akasema, "Alhamdulillahi." Akataka kusimama anipokee, miguu ikakataa.

Walimpeleka Mombasa, wakamwingiza katika chumba kile cha chuma cha kutibu ugonjwa wa mbizi, siku sita. Alipotoka alitembea kwa magongo mawili, na hakushuka tena baharini mpaka alipokufa.

Nilikwenda kwake Wasini kuomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kwa Kiswahili sanifu. Nilipofika kizingitini yakanitoka yote kichwani. Alikuwa kitandani, na binti yake Zuhura, mwenye miaka kumi na tisa wakati ule, alikuwa anamnywesha uji.

"Ulimwona?" akaniuliza.

"Nani, mzee?"

"Usinichezee, mwanangu. Mtu hashuki bure. Ulimwona papa shilingi?"

"Nilimwona."

"Kaa basi unisimulie. Miguu nimeikosa, nisikose na samaki."

Nikamsimulia nikilia, na Zuhura akaweka bakuli chini akaondoka kwenda jikoni. Nilidhani ananichukia, na ningemwona ana haki. Mwaka uliofuata alinijia kazini, akasimama mbele yangu ameshika mikono nyuma, akasema anataka nimfundishe kupiga mbizi.

"Wako mafundi wengi hapa," nikamwambia. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe huwezi kurudia kosa lile," akasema.

Tangu hapo ikawa kila nikishuka baharini, jioni au kesho yake napita kwa Athumani kumwambia nilichokiona. Mwanzo nilimwambia tumeona samaki wengi. Akakasirika. "Wengi si samaki. Nipe mmoja." Ndipo nikajifunza kutazama. Mahali ninapopapenda baharini nimepapenda kwa sababu ya kumtafutia yeye cha kusimulia, na ndiyo maana swali lenu haliwezi kwenda bila yeye.

Kisite nilimpelekea pweza. Maji yakijaa asubuhi, bustani ile ya matumbawe huonekana kama shamba la kabichi lililopandwa na mtu mlevi, mistari haijanyooka, rangi zimechanganyika. Ukinyamaza unasikia samaki aitwaye pono akitafuna mwamba, kru, kru, kama mtu anayekula mahindi ya kuchoma. Pweza alikuwa ndani ya tundu, nje ameacha maganda ya chaza aliyokula, kama mlevi na chupa zake. Niliweka mkono karibu, bila kugusa. Akanyoosha mkono wake mmoja akanishika kidole, akageuka rangi ya glavu yangu, akaniangalia. Kisha akaniachilia. Athumani aliniuliza aliniachilia haraka au polepole. Polepole, nikamwambia. Akaridhika.

Diani nilimpelekea chewa. Kuna meli pale iliyozamishwa kusudi ili samaki wapate makao, na katika chumba cha injini aliishi chewa mkubwa kama ndama. Ukichungulia dirishani alikutazama kama chifu aliyebishiwa hodi wakati wa chakula cha mchana. Hakukimbia, hakukaribisha. Tulimwamkia, tukaondoka.

Watamu nilimpelekea kasa jike mzee, pezi lake la nyuma limekatwa na wavu, ambaye kila mwaka nilimkuta amelala chini ya jiwe lile lile. Na katika miezi ya upepo wa kusi, nyangumi wanapopita kwenda zao, nilisikia sauti yao. Hatukuwaona. Sauti haikuingia masikioni, iliingia kifuani. Wageni wanne na mimi tulisimama katikati ya maji, hakuna aliyetikisa pezi. Nilipomsimulia, Athumani alifumba macho akaniomba nimfanyie ile sauti. Nikajaribu. Mkewe akauliza kutoka jikoni ni ng'ombe wa nani anaumwa.

Si yote niliyompelekea yalikuwa ya kufurahisha. Mwaka mmoja maji yalipata joto, matumbawe ya Kisite yakawa meupe, eka kwa eka, meupe kama mifupa. Pono walikuwapo wanazungukazunguka kama watu waliorudi nyumbani wakakuta paa halipo. Majuma mawili nilimdanganya mzee, nikimpa samaki wa zamani. Akanishtukia. "Huyu ulishaniletea," akasema. Nikamwambia kweli. Akaniuliza kama kuna hata tumbawe moja lililobaki na rangi. Kesho yake nikaenda kulitafuta, nikalipata, dogo kama sahani.

Alikufa mwaka mmoja kabla sijastaafu. Mimi niliacha kwa sababu ya sikio la kushoto, ambalo halifunguki tena vizuri. Zuhura akachukua nafasi niliyokuwa nayo, ile ile aliyokuwa nayo baba yake. Siku hizi yeye na wenzake wanavaa saa mkononi inayowahesabia kina na dakika. Sisi tulihesabu kwa jedwali lililochorwa kwenye kibao cha plastiki. Nikarudi Nyamache na mavazi yangu na mtungi mmoja mtupu, ambao wajukuu wanaugonga kama kengele.

Sasa Tabaka.

Mnajua kulikochimbwa mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga, kisha kukaachwa, mashimo hujaa maji ya mvua. Momanyi alikuwa mchonga mawe wa miaka ishirini na mitatu. Aliinama ukingoni kuvuta jiwe zuri alilokuwa ameliona, ukingo ukakatika, akaenda nalo. Hakujua kuogelea. Naibu wa chifu alinipigia simu saa nne asubuhi, nikapanda pikipiki kupitia Kenyenya, nikafika saa saba. Ukingo wote ulikuwa umejaa watu. Maji yalikuwa meupe kwa vumbi la jiwe, kama maziwa. Ukitia mkono mpaka kiwiko huoni vidole.

Mama yake, Bosibori, mwanamke wa rika langu, alikuwa ameketi chini, wanawake wawili wamemshikilia. Alipoambiwa mimi ni nani akaja kwa magoti.

"Dada, wameniambia wewe unaingia bahari. Nitolee mtoto."

Nilimwinua. Nilimuuliza naibu wa chifu wapiga mbizi wa serikali wako wapi. Akasema wako kwenye kazi nyingine ziwani, tungojee siku mbili au tatu. Nilitupa kamba yenye jiwe nikapima: mita kumi na moja. Mita kumi na moja si kitu, vijana. Nilishawashusha vibibi vya Kizungu zaidi ya hapo. Mwili wangu wote ulitaka kuingia. Lakini mtungi wangu haukuwa na hewa, sikio langu ni bovu, maji hayaonekani, na zaidi ya yote, nilikuwa mmoja.

Nikasema, "Leo sishuki."

Mlikuwepo, mnakumbuka kelele zilizotoka. "Bahari uliweza, shimo ya Tabaka imekushinda?" "Huyu mama alikuwa anaosha vyombo huko, mbizi ni hadithi tu." Mwingine akasema nangojea nipewe kitu. Bosibori aliniangalia tu, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi yote.

Ndugu yake Momanyi, Ogeto, alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni, amevua shati.

"Mathe, kama unaogopa, niachie mimi. Niko na pumzi."

"Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo inayoua."

"Ni brathe yangu yuko humo!"

Nilishika ncha ya kamba yake, nikaizungusha kwenye jiwe kubwa, nikaikalia. Mama mzima wa miaka sitini na miwili, na sketi yangu ya kanisani. Alivuta, nikakaa. Alilia, nikakaa. Nikamwambia kwa Ekegusii, taratibu, kwamba ndugu yake ameshatutoka, kwamba maji hayatamrudisha akiwa hai hata tukiingia watu mia, na kwamba mama yake ana mtoto mmoja aliyebaki na mtoto huyo nimemkalia kamba. Akaketi chini kando yangu. Tukakaa hivyo mpaka akafungua fundo mwenyewe.

Ndipo nikampigia simu Zuhura. Nilimweleza. Hakusema pole, hakuuliza mengi.

"Kina?"

"Mita kumi na moja."

"Unaona?"

"Sioni kitu."

"Usishuke. Nakuja."

Alisafiri mchana na usiku kwa pikapu ya mwajiri wake, na mitungi minne imefungwa nyuma kwa kamba. Alifika Tabaka kesho yake saa tisa alasiri, macho mekundu, buibui limejaa vumbi la njia. Watu walimpisha. Alikwenda moja kwa moja kwa Bosibori akampa mkono wa pole, kisha akaja kwangu, tukaanza kukagua vifaa kama asubuhi yoyote ya kazi. Nilimwonya kuhusu milima. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo mita kumi na moja za Tabaka si mita kumi na moja za Diani, damu inazihesabu kuwa nyingi zaidi. Akakubali, akapunguza dakika zetu.

"Sikio lako?" akauliza.

"Nitashuka polepole."

"Likigoma tunapanda wote wawili. Hakuna kujikaza."

"Hakuna kujikaza."

Kamba ya juu nilimpa Ogeto. Nilimfundisha: tukivuta mara moja, simama, mara mbili, legeza, mara tatu, tuvute. Nikamwambia arudie. Akarudia mara tano, kisha akakaza miguu chini. Mtu mwenye huzuni akipewa kamba ya kushika hupata pa kusimama.

Tulishuka tukiwa tumeshikana mikono, mimi na mtoto wa Athumani. Baada ya kimo cha mtu mmoja mwanga uliisha. Kwa miaka ishirini na saba sikuwahi kuwa katika maji yasiyo na kitu chochote cha kutazama, hata samaki mmoja, hata jani. Baridi ya milimani iliingia kwenye meno. Sikio lilikataa mara mbili. Mara zote mbili nilibana mkono wa Zuhura, naye akasimama, akangoja, wala hakunivuta. Lilipofunguka tukaendelea. Chini kulikuwa na tope laini na mawe yaliyokatwa kwa mkono. Tukanyoosha mikono ya nje, tukaanza kutambaa kwa duara, tukipapasa, Ogeto akilegeza kamba hatua kwa hatua kutoka juu. Alifanya vizuri. Hakuna mpiga mbizi niliyefanya naye kazi aliyewahi kunilegezea kamba vizuri kuliko kijana yule siku ile.

Katika duara ya tatu mkono wangu wa kulia ulimgusa. Niliminya mkono wa Zuhura mara mbili, akaja upande wangu, tukamshika kila mtu ubavu wake. Kisha nikavuta kamba mara tatu.

Walipompokea juu sikutazama. Nilikaa kwenye jiwe, Zuhura akanivua mtungi, akanifuta damu iliyokuwa imetoka kidogo sikioni. Nikamwambia ahsante. Nikataka kumwambia na mengine, ya miaka yote ile. Akatikisa kichwa. "Kunywa maji, Mama Kemunto," akasema. "Umepauka."

Tulimzika Momanyi Jumapili iliyofuata. Nilirudi Tabaka wiki mbili baadaye kumjulia hali Bosibori, maana nilijua nitamkuta na swali, kwa sababu kila aliyepoteza mtu majini huwa nalo. Tulikaa jikoni kwake. Aliniandalia chai, akasahau kuimimina.

"Alikuwaje?" akauliza.

Ningeweza kumwambia kwamba alikuwa kama mtu aliyelala, uso umetulia. Wengi husema hivyo, wala sijui kama ni dhambi.

"Sikumwona, dada," nikamwambia. "Maji yale hayana macho. Nilimgusa tu."

"Ulimgusa wapi?"

"Begani. Bega la kushoto."

"Kwa mkono upi?"

Nikamwonyesha wa kulia. Bosibori aliuchukua kwa mikono yake miwili, akaugeuza kiganja juu, akakitazama muda mrefu. Kisha akaulalisha begani kwake, bega la kushoto, akaushikilia hapo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akalia kwa sauti.

Sikuuondoa mpaka aliponiachilia mwenyewe.